Ndege wa Siku ya Maulidi

Kuna watu wana nyumba mbili kwa sababu wana mali. Abdalah wa Chumbi alikuwa na nyumba mbili kwa sababu hana. Ya kwanza ilikuwa kijijini, kule juu kusikofika maji, nyumba ya udongo na makuti iliyoinama upande mmoja kama mtu aliyerukuu akasahau kuinuka. Ya pili ilikuwa bondeni katikati ya mpunga, na hiyo ndiyo waliyoipenda: dungu, kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu. Unapanda kwa ngazi, unalala juu, unapika juu, na ukitaka kumtania jirani huna haja ya kushuka.

Mpunga ukianza kutoa masuke, familia nzima ilihamia huko pamoja na kuku, sufuria na mikeka, kama walivyofanya majirani wote. Watoto walikwenda shule wakitokea hukohuko, viatu mkononi, kwa wale waliokuwa na viatu. Katika bonde la Rufiji mpunga usiolindwa ni karamu ya ndege, na mwenye shamba haalikwi.

Hajira alizaliwa humo dunguni, mama yake Mashavu akiwa bado ameshika kamba ya makopo. Bibi yake, Bi Kijakazi, ndiye aliyempokea, na hakuchoka kusimulia kwamba mtoto alilia kilio kimoja tu, ndege wa mashamba yote ya jirani wakaruka.

"Nikasema huyu hatutamlisha bure," alimalizia Bi Kijakazi kila mara. "Kaja na kazi yake mkononi."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kuamia ndege, kuwafukuza wasitue kwenye mpunga. Kutoka dunguni zilitandazwa kamba mpaka pembe zote za shamba, zimefungwa makopo ya maziwa na vipande vya bati. Ukivuta, shamba zima linacheka. Kulikuwa na teo la kurushia madonge ya udongo. Lakini silaha kubwa ilikuwa koo. Na koo lilikuwa na sheria yake, ambayo haikuandikwa popote wala haikuhitaji mwenyekiti wa kijiji: ukiona kundi linashuka, unapiga ukelele na kutaja jina la mwenye shamba linakoelekea. Anayesikia lazima aupokee, autupe mbele, dungu hadi dungu, mpaka ndege wakate tamaa. Haijalishi unafanya nini, haijalishi mmenuniana. Kuna msimu mzima Bi Kijakazi hakusalimiana na jirani yake Amri kwa ajili ya bata aliyepotea, lakini asubuhi na alasiri walikuwa wakiitana majina kutoka dungu hadi dungu kwa sauti ya kutamanisha. Mke wa Amri ndiye aliyeomba wapatane.

Katika wito huo Hajira hakuwa na mwenzake. Akiwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama mpini wa jembe, alikuwa akisimama ukingoni mwa dungu, anaweka viganja pembeni mwa kinywa, kisha:

"Hoooyaaa! Kwa Amriii! Hoooyaaa!"

Sauti ikaenda, ikagusa mto, ikarudi.

Kula kwao kulikuwa kwa kubahatisha. Kambale wakipatikana kwenye vidimbwi, walikula kambale. Wasipopatikana, walikula ugali wa muhogo na mboga ya majani, na Bi Kijakazi aliwaeleza ladha ya kambale wa jana mpaka mate yakawatoka. Chai ilikuwa ya mchaichai, haina sukari. "Sukari inaharibu meno," alisema Bi Kijakazi, mwenye meno mawili, nayo hayakuwa yakitazamana.

Mwaka juzi mafuriko yalikuja kabla ya wakati yakabeba mpunga ukiwa mchanga. Mwaka jana maji hayakuja kabisa. Ndipo shangazi Mwanajuma alipofunga safari kutoka Mchukwi.

Mwanajuma alikuwa dada mkubwa wa Abdalah, mtoto wa kwanza wa Bi Kijakazi. Aliolewa na mwenye duka la bati na misumari, akapata nyumba nzuri, umeme, friji, na mwendo wa polepole. Utoto wake wote ulipita dunguni, lakini akiwasimulia mashoga zake wa Mchukwi alisema, "Sisi tulikulia kwenye ghorofa," na hakuna aliyeweza kusema ni uongo.

Siku hiyo alikataa kupanda ngazi. Alikaa chini kwenye kivuli cha dungu, amekunja baibui lake lisiguse tope, akazungumza na mdogo wake. Hajira alikuwa juu, amelala kifudifudi, jicho kwenye mwanya wa fito.

"Abdalah, huyu mtoto nipe nimlee," alisema Mwanajuma. "Mimi wangu wamekwisha kuondoka, nyumba imebaki mimi na friji. Shule iko jirani. Atalala kwenye godoro. Wewe hapa una nini cha kumpa? Una upepo."

"Upepo mzuri, dada. Unafukuza mbu."

"Sitanii."

Abdalah akachora chini kwa kidole cha mguu. Alikuwa baba mcheshi, lakini miaka miwili bila mpunga inapunguza hata utani. "Basi tuuache mpunga useme," alijibu. "Mwaka huu ukikubali, mtoto anabaki na sisi. Ukikataa tena, njoo umchukue, dada, sitakuwa na neno. Siwezi kumlaza mtoto njaa mwaka wa tatu kwa sababu nampenda."

"Na wewe, mama?" Mwanajuma aliinua uso kuelekea juu.

"Mimi sijasikia kitu," alijibu Bi Kijakazi kutoka dunguni, naye alikuwa amelala pembeni ya Hajira, jicho lake kwenye mwanya wa pili.

Hajira alipajua Mchukwi. Likizo moja alikaa huko. Alilalia godoro, akanywa chai ya maziwa, akala mkate wa siagi, na hakufanyiwa baya lolote. Ila kila alipofungua kinywa shangazi aliweka kidole kwenye midomo: "Taratibu, Hajira, majirani." Akicheka, majirani. Akimwita paka, majirani. Siku aliporudi nyumbani alipanda ngazi mbio bila kusalimia, akavuta pumzi, akapiga ukelele mmoja mrefu wa bure, hakuna hata ndege mmoja angani. Dungu hadi dungu wakaupokea, hawakuuliza kwa nini. Tangu hapo alijua mahali anapotaka kuishi. Ikabaki mpunga nao ujue hivyo.

Na mpunga ulielekea kujua. Mwaka huo maji yalikuja kwa adabu, yakakaa kiasi, yakaondoka yakiacha tope jeusi linalong'aa. Mashavu alipopita katikati ya shamba lao, masuke yalimgusa kiunoni, naye akawa anatembea huku amejizuia kutabasamu, asije akauhusudu mpunga wake mwenyewe.

Sasa mwaka huohuo madrasa ya kijijini ilipata mwalimu mpya, Ustadhi Tahiri, kijana wa Kibiti mjini, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Akatangaza maulidi ya madrasa, akaalika wageni kutoka Kibiti na Utete, akachagua Jumamosi iliyowafaa. Wazee wakatazamana. Jumamosi hiyo mpunga ungekuwa umeshika maziwa, punje laini zenye uji mtamu ndani, na hakuna wakati ndege wanaupenda mpunga kama huo. Lakini nani amwambie ustadhi aliyekwisha kualika mashekhe kwamba maulidi yangoje kwanza ndege? Kila mzee alimngoja mwenzake aseme. Ikawa hakusema mtu, na kila mmoja akarudi nyumbani akimlaumu mwenzake.

Qasida ilihitaji mtoto wa kuongoza. Ustadhi aliwasikiliza wasichana mmoja baada ya mwingine. Tasnim, binti wa Gharibu mwenye duka, aliimba kwa sauti nyembamba ya kupendeza. Zamu ya Hajira ilipofika, mbuzi waliokuwa nje waliacha kutafuna.

"Nani kakufundisha kutoa sauti hivi?" aliuliza ustadhi.

"Ndege, ustadhi."

Akachaguliwa yeye. Tasnim hakulimeza hilo hata kwa maji. Walipotoka nje alisema, kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wote, "Mtoto wa dunguni ndiye anatuongoza! Siku hiyo si atatufukuza wote turuke?"

"Wewe ruka tu, shoga," alijibu Hajira. "Mimi kazi yangu n'tataja jina la unakotua."

Wasichana wakacheka, na Tasnim mwenyewe akacheka kidogo kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Kanzu ikawa shughuli. Wasichana wote walitakiwa kuvaa nyeupe. Mashavu alitoa shuka lake la harusi lililokuwa limehifadhiwa na karafuu ndani ya sanduku, akalikata, akalishona kwa mkono juu ya dungu huku akivuta kamba ya makopo kwa kidole cha mguu. Shuka lilikuwa na maua yaliyofifia, hivyo akaligeuza, maua yakawa ndani.

"Wenzako watakuwa na maua nje, watu wayaone," alisema Bi Kijakazi. "Wewe utakuwa nayo ndani, yakutekenye. Ndiyo maana utaimba kwa furaha."

Usiku wa kuamkia maulidi suala likawa nani abaki na ndege. Abdalah alisema atabaki yeye. Mashavu akasema baba lazima aende, watu watasema nini. Bi Kijakazi akawatuliza wote kwa mkono wake wenye vidole vilivyopinda kama tangawizi.

"Nitabaki mimi. Maulidi nimeyasikia tangu sijaota meno na sasa yameng'oka. Hajira namsikia kila siku, tena bure. Nendeni."

"Bibi, wakikuzidi?" aliuliza Hajira.

"Wanizidi mimi? Mimi nimewafukuza bibi zao. Lakini haya, kwa ajili ya roho yako: wakinizidi n'tapandisha kanga yangu nyekundu juu ya mti mrefu hapa dunguni. Ukiona kanga, ujue bibi yako anaomba msaada. Hutaiona."

Madungu mengi ya bonde lile siku hiyo yalibaki na wazee, na mengine yalibaki bila mtu.

Shangazi Mwanajuma alifika kwa bodaboda kabla ya adhuhuri, baibui jipya, marashi yanafika kabla yake. Mkononi alikuwa na begi la kitambaa cha bluu, jipya, lebo bado inaning'inia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu! Hili begi lako. La nguo."

Hajira alilipokea kwa mikono miwili kama anavyotakiwa. Lilikuwa begi zuri. Lilikuwa na mifuko ya nje na zipu inayokwenda bila kukwama. Alilitazama akaona safari ndani yake.

"Shangazi, mpunga bado haujasema."

"Najua. Nimekuja kuusikiliza. Na kama utasema vizuri, begi ni lako vilevile. Mimi si mchoyo." Kisha akaongeza, "Lakini mpunga wa ndugu yangu naujua. Una tabia ya kubadili maneno mwishoni."

Maulidi yalisomwa alasiri kwenye uwanja wa madrasa, pale mwinuko unapoishia. Ukisimama hapo unaliona bonde lote, kijani kinachoanza kugeuka dhahabu, na madungu yamesimama kama korongo. Ustadhi alikuwa amepanga meza za shule zikawa jukwaa, akazitandika mikeka ya ukindu. Spika mbili kubwa zilizoletwa kutoka mjini zilifungwa juu ya nguzo, moja ikitazama watu, nyingine, kwa sababu waya ulikuwa mfupi, ikitazama bondeni. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta. Wageni walikaa viti vya mbele, na mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa shekhe mmoja mzee wa Kibiti, ndevu nyeupe, macho yamefumbwa kwa kusikiliza, au kwa usingizi, Mungu ndiye anayejua.

Hajira alipanda jukwaani na wenzake, Tasnim kulia kwake. Udi ulikuwa unanukia. Mashavu alikuwa upande wa wanawake, ameshika ncha ya kanga kwa meno. Pembeni yake shangazi alikaa wima kama picha.

Wakaanza. Hajira alitoa, wenzake wakapokea. Akatoa tena. Sauti yake ilipanda kwenye spika ikawa kubwa kuliko alivyowahi kuisikia, na haikumtisha hata kidogo. Aliona tu kwamba hatimaye imepata nyumba ya saizi yake. Wazee walitikisa vichwa. Ustadhi Tahiri alitabasamu kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei nzuri.

Wako katikati ya ubeti wa tatu ndipo alipoliona.

Mtu wa mjini angesema ni wingu dogo, au moshi. Lilitokea upande wa jua, likajikunja, likajikunjua, likashuka chini, likapanda, kama shuka linalokung'utwa na mtu asiyeonekana. Hajira aliendelea kuimba. Kundi lilipita juu ya dungu la Amri, likasita. Likapita. Likageuka kuelekea mashariki, ambako mwisho wa bonde, peke yake, lilisimama dungu la Abdalah.

Bibi yupo, alijiambia. Bibi kawafukuza bibi zao.

Akatoa mstari mwingine. Macho yake hayakuondoka bondeni. Na hapo, juu ya ule mti, akaona kitu chekundu kinapanda, kinakwama, kinapanda tena, kikafunguka kwenye upepo.

Hajira hakupanga. Ukimwuliza leo atakwambia hakukumbuka shekhe, hakukumbuka ustadhi wala begi la bluu. Mwili wenyewe ulijua zamu yake imefika. Mkono mmoja ulikwenda pembeni mwa kinywa, mwingine ulikuwa na kipaza sauti, na kutoka ndani ya shuka la harusi la mama yake ikatoka:

"HOOOYAAA! KWA ABDALAAAH! HOOOYAAA!"

Spika iliyotazama bondeni ikaipokea ikaitupa. Waliokuwepo wanaapa kwamba mikungu ya ndizi ilitikisika. Na kisha, kabla sauti haijazimika, kabla mtu yeyote hajafikiri aibu wala adabu, uwanja mzima ukasimama. Maana wale wote walikuwa watu wa bondeni, na wito ukipigwa unapokelewa.

"Hoooyaaa!" alinguruma Amri, kofia ikaanguka. "Hoooyaaa!" wakapokea vijana waliokuwa wakigawa visheti, sinia juu. Wapiga dufu wakapiga dufu kama wendawazimu. Tasnim binti Gharibu, mwenye sauti ya kupendeza, alinyakua kipaza sauti upande wa pili akapiga ukelele uliomshangaza baba yake dukani. Mgeni mmoja wa Utete alidhani ni simba, akapanda juu ya kiti.

Lakini iliyowashinda wote ilitoka upande wa wanawake. Ilianza chini, nzito, ikapanda kama king'ora, ikapita juu ya vichwa, haina haja ya spika. Watu waligeuka. Shangazi Mwanajuma alikuwa amesimama juu ya benchi, ushungi umelala mabegani, mkoba wa mkono unazungushwa hewani kama teo, macho yako bondeni, kinywa kiko wazi mpaka ndani:

"HOOOOYAAAA! KWA ABDALAAAAH! WASHENZI NYIE, HOOOYAAAA!"

Hajira alimtazama kinywa wazi. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya kwake, imekomaa.

Huko bondeni kundi lilikuwa limekwisha kugusa masuke. Likaruka juu kama limemwagiwa maji ya moto, likapasuka vipande viwili, likazunguka likitafuta pa kutua, na kila lilipoelekea sauti ilikuwa imetangulia. Mwishowe likajikusanya, likavuka mto, likaenda zake.

Ikawa kimya. Jenereta tu. Watu wakaanza kukumbuka walipo. Kofia zikaokotwa. Mwanajuma alishuka kwenye benchi polepole, akavuta ushungi, akakaa, akatazama mbele kwa heshima kubwa, kama mtu anayetafuta ni nani aliyepiga kelele.

Ustadhi Tahiri alikuwa amesimama. Alimgeukia shekhe mzee kuomba radhi kwa niaba ya kijiji kizima. Akakuta shekhe naye yuko wima, viganja viwili bado viko pembeni mwa ndevu.

"Wameondoka?" aliuliza shekhe.

"Nani, shekhe?"

"Ndege, bwana!"

"Wameondoka, shekhe," alijibu Hajira kwenye kipaza sauti. "Wamevuka."

"Alhamdulillahi. Mimi mtu wa Mbwara, ustadhi, nimekulia dunguni. Riziki ya watu imelindwa, na mkono wa Mtume hatujauachia. Haya binti, ulikuwa ubeti wa tatu."

Na Hajira akauchukua ubeti wa tatu palepale alipouacha, kwenye neno lilelile, pumzi ileile, wenzake wakapokea, na watu wanaosema wanasema qasida haijawahi kuimbwa hivyo hapo Chumbi, kwa sababu kila aliyekuwapo alikuwa amekwisha kufungua koo.

Yalipokwisha, kabla ya pilau, Hajira alikimbilia bondeni. Alipogeuka aliona shangazi anamfuata, baibui limekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, anakanyaga tope bila kulitazama. Walifika dunguni pamoja. Bi Kijakazi alikuwa amekaa mlangoni, miguu inaning'inia, anakunja kanga yake.

"Kamba ya mashariki imekatika," alisema kabla hajaulizwa. "Panya. Nikavuta nikabaki na kamba mkononi kama mtu aliyekimbiwa na mbuzi. Tena nikasikia sauti mbili. Moja ya mjukuu wangu kwenye chuma. Ya pili nikasema hapana, huyu mtu yuko Mchukwi, ana friji."

"Mama, nyamaza," alisema Mwanajuma.

"Majirani watasikia?"

Mwanajuma aliangalia ngazi. Akaangalia tope kwenye baibui lake. Kisha akavua baibui lote, akamtupia Hajira, akabaki na gauni, akapanda. Ngazi ililalamika lakini ikavumilia. Juu, alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akazungusha macho shamba zima mpaka mtoni. Hajira alipanda nyuma yake.

"Kule," alisema shangazi, sauti imekwisha kukwaruza. "Masuke yale yamelala. Wamekula?"

"Kidogo, shangazi. Yale mengine wameyakanyaga tu."

"Kamba hii nani aliifunga? Hii si kamba, hii ni salamu kwa panya. Nileteeni ukindu."

Alisuka kamba mpya hadi jua lilipozama, vidole vinakwenda vyenyewe, akimtukana Abdalah kila fundo. Alisema anaondoka kesho. Kesho ndege walirudi asubuhi, akasema hawezi kuwaachia mama mtu mzima na mtoto mdogo. Keshokutwa hakutaja safari kabisa. Mume wake alipiga simu kutoka Mchukwi. Akajibiwa na sauti ya kiume, nzito, yenye mikwaruzo, akakata, akapiga tena. "Ni mimi, mume wangu," alinong'ona Mwanajuma. "Nina kazi."

Alikaa mpaka mavuno. Alikuwa akipokea wito wa Hajira kutoka pembe ya pili ya shamba, na majirani wakawa hawajui yupi ni yupi. Abdalah alikata suke la kwanza, akaligeuza mkononi, akaling'ata punje. Mashavu alimngoja. Hajira alimngoja. Hata Bi Kijakazi aliacha kutafuna tambuu.

"Dada," alisema Abdalah, "mpunga umesema."

"Nimesikia," alisema Mwanajuma. "Mimi si kiziwi, ingawa mama yetu anatamani niwe." Akamtazama Hajira, na Hajira naye hakuinamisha macho. "Mtoto akae. Lakini likizo aje kwangu, na akija asininong'oneze kama mgonjwa. Nyumba ile ni kimya mno, friji lenyewe limechoka."

"Na majirani, shangazi?" aliuliza Hajira.

"Watahama."

Walipura, wakapepeta, wakala wali mpya na kambale mpaka Bi Kijakazi akalegeza kanga. Ustadhi Tahiri alipelekewa kapu lake. Alilipokea kwa aibu, akauliza, kwa kunong'ona, kama bado kuna kipande cha ardhi cha kuazima bondeni kwa mwakani. Tangu hapo tarehe ya maulidi ya madrasa huulizwa kwanza kwa Bi Kijakazi, naye hujibu kwamba ngoja awaulize ndege.

Mwanajuma alirudi Mchukwi kwa bodaboda, mguu umebaki na tope kisiginoni, ambalo hakuligundua. Begi la bluu lilibaki. Hajira alilifungua zipu yote, akalitia mbegu ya msimu ujao, punje nzito zilizochaguliwa moja moja, akalifunga, akalitundika juu kabisa kwenye paa la dungu, mbali na panya. Lebo bado ilikuwa inaning'inia. Kisha akasimama ukingoni, akavuta pumzi, akapiga ukelele mmoja wa bure kwenye bonde lililokwisha kuvunwa, na dungu hadi dungu wakaupokea.